Makofi ya Ubongo Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Leo sayansi imenifuata dukani. Sikuitafuta. Imekuja yenyewe, imekaa kwenye kopo la rangi, imeomba maji ya kunywa.

Ni mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Alikuwa na sura ya mtu aliyepoteza funguo za nyumba ya watu. Utafiti wake wa uzamivu umebakiza mshiriki mmoja, na huyo mmoja kahama mji bila kuaga. Jumatatu ya tarehe 18 anasimama mbele ya jopo la maprofesa. Bila mtu wa mwisho, hana cha kuwaambia. Ameusotea utafiti huu mpaka shingo imekuwa ya korongo.

Nikamwambia aache kuhangaika, mtu kapatikana. Tena si mtu tu. Kichwa!

Akanieleza kazi yenyewe. Kuna dawa za kutuliza wasiwasi, zile anazopewa mtu ambaye moyo unamdunda na wala hakukimbia. Yeye anataka kujua zinafanya nini ndani ya ubongo wakati mtu anasogeza mkono. Unakwenda mara mbili. Siku moja unapewa dawa, siku nyingine unapewa unga mtupu, na vidonge vyenyewe vinafanana kama mapacha. Wewe hujui kipi ni kipi. Yeye hajui. Hata muuguzi anayekupa hajui. Anajua Profesa wake peke yake, na Profesa hasemi.

Nikamuuliza ni ofisi gani hiyo ambayo hakuna anayejua kitu na kazi inakwenda. Akasema, Mjomba, ndiyo uzuri wake, asiyejua hawezi kudanganya. Nikatikisa kichwa kama nimeelewa.

Lakini masikio yangu yalikuwa yameshasimama kwenye neno moja. Wasiwasi. Kumbe una dawa!

Hapa niseme ukweli, maana hili ni daftari langu na halina mdomo. Mimi ni mchora mabango. Nimeandika majina kwenye malori yaliyovuka mipaka ambayo mawaziri hawajaivuka. Nikiwa peke yangu, mkono huu ni msumari ukutani. Ila tangu yule Bwana Plastiki afungue duka mkabala na langu, na mashine yake inayotema herufi za stika kama karanga, mkono umeanza ugonjwa. Watu wakisimama kunitazama tu, burashi inacheza ngoma.

Na Jumamosi ya tarehe 16 watu watasimama. Mwalimu Mkuu wa shule aliyosoma mpwa wangu anataka jina jipya getini. Geti lina mabawa mawili. Bawa la kushoto nimepewa mimi, la kulia Bwana Plastiki, na wazazi wote watakuwepo. Atakayependeza zaidi ataandika shule nzima, mpaka milango ya vyoo.

Nimeshapiga hesabu yangu. Vidonge nitapewa viwili. Sitameza hata kimoja. Nitavihifadhi, halafu siku ya geti nameza vyote. Kimoja kati yake lazima kiwe cha kweli! Profesa anaficha siri yake kwa ufunguo, mimi napita dirishani.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi nilifanya mazoezi kwa punje ya haragwe. Mke wangu akauliza shavu limefanya nini. Nikamwambia jino. Akaniletea maji ya chumvi ya moto nisukutue. Nimesukutua. Mwanamume hukubali kuungua kwa ajili ya mipango yake.

Kisha maabara. Chumba cheupe, baridi, kina kiti kama cha kinyozi. Muuguzi akanipa kidonge, kile chenye ngozi laini, na maji. Nikanywa maji. Kidonge nikakiegesha kwenye pengo la gego la kulia, lile gego lililong'olewa mwaka wa mafuriko pamoja na mwenzake wa kushoto. Muuguzi akasema nifungue mdomo, ninyanyue ulimi. Nikafungua kama mamba. Akaona sawa. Mpaka leo nilikuwa nalilaumu pengo hili. Kumbe Mungu hufungua ghala pole pole.

Nikaenda msalani, kidonge nikakifunga kwenye leso. Kilikuwa kimelainika kidogo, kama mtu aliyelia. Wakaniweka sebuleni nisubiri dawa ikolee. Nikasubiri ikolee kwenye leso.

Baadaye mpwa wangu akanivika kofia ya nyaya, akapaka ute baridi kichwani kila penye waya. Kazi ni nyepesi. Taa ya kijani ikiwaka, bonyeza kitufe kwa kidole. Ikizima, tulia. Basi.

Hapo ndipo akili ya mjini inapohitajika. Mtu aliyekula dawa ya kutuliza hawezi kuwa mwepesi. Nikalegeza macho. Nikadondosha taya. Taa ikiwaka, nahesabu moyoni kwanza ndipo nabonyeza. Mara moja nilikoroma, lakini nikaona nimezidisha, nikaacha. Ningezaliwa nchi yenye sinema, leo nisingekuwa napaka rangi.

Tulipomaliza nilimuuliza mashine inaona nini. Akaniambia kwamba ile sehemu ya ubongo inayosogeza mkono, ukiwa umetulia tu, chembe zake zinakwenda pamoja, kama ukumbi mzima unaopiga makofi kwa mdundo mmoja. Ukitaka kusogeza kidole, makofi yanapungua, kila mmoja anashika kazi yake. Ukimaliza, makofi yanarudi. Yeye anaamini kwamba dawa inayakuza makofi hayo, na anataka kuona inapokuwa hivyo mkono unafanyaje.

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikitafakari. Miaka yote hii nafanya kazi na hakuna anayenisifu, kumbe kuna ukumbi mzima humu ndani unanipigia makofi!

Alhamisi, 7 Machi

Kidonge kimekauka vizuri. Nimekilaza ndani ya kiberiti kitupu, kiberiti ndani ya kopo la burashi za zamani.

Bwana Plastiki alivuka barabara leo, mikono mfukoni. Akauliza kama ni kweli bado nachora kwa mkono au ni maonyesho ya makumbusho. Akasema Jumamosi ile yeye atabandika, atakunywa soda, atabandua karatasi, amekwisha, na mimi nitakuwa bado naitafuta herufi ya kwanza. Akanishauri nije na godoro.

Nikamjibu kwamba stika ni kama kope za kubandika, zinangoja mvua tu. Wapita njia wakacheka. Nikaona nimemweza. Kisha mteja mmoja akaniomba nimwandikie nambari ya nyumba kwenye kibao, na Bwana Plastiki akakataa kuondoka. Akasimama pale pale, anatazama. Nambari nane ikatoka kama viazi viwili vinavyogombana.

Herufi ninayoiogopa ni S. Herufi nyingine zina mifupa, unaweza kuziegemea. S ni nyoka. Lazima uishuke kwa pumzi moja bila kusimama, na mkono ukisita mara moja tu, ulimwengu unaona. Na neno Shule linaanza na nini?

Jumanne, 12 Machi

Kidonge cha pili kimepatikana. Pengo halikuniangusha. Muuguzi alitazama na tochi safari hii. Tochi! Nikamsimulia habari za lori lililobeba mbuzi likapinduka mbele ya ukumbi wa harusi, akacheka mpaka tochi ikamulika dari.

Tatizo lilikuja kwenye kiti. Wiki iliyopita niliigiza usingizi. Je, kama wiki iliyopita ilikuwa siku ya unga mtupu? Basi leo ndiyo siku ya dawa, na leo ndiyo natakiwa kulegea. Na kama wiki iliyopita ndiyo ilikuwa ya dawa, leo natakiwa kuwa mwepesi. Nikafikiri mpaka ute kichwani ukaanza kupata joto. Mwishowe nikaamua kulegea tena, kwa usalama. Anayevaa koti siku zote hashtukizwi na baridi.

Mpwa wangu aliniangalia kupitia kioo, kisha akaangalia skrini yake, kisha mimi tena. Akauliza kama ninajisikia vizuri. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliye kisimani.

Baadaye alinifuta ute nywelani. Zamani nilikuwa namfuta yeye uji kwenye pua. Alikuwa na mkono mwepesi sana leo, kama anafuta chombo kilichopasuka.

Alhamisi, 14 Machi

Mambo si mambo.

Mpwa wangu alikuja jioni, akakaa juu ya kopo lile lile la rangi. Nikadhani anakuja kunishukuru. Akaanza kulia.

Nilimwacha alie kwanza, halafu nikamtoa maneno moja moja. Ni hivi. Kwa washiriki wote wengine, siku moja kati ya mbili inajitenga wazi. Makofi yanavimba na mkono unachelewa. Vyote viwili vinakwenda pamoja, na hiyo ndiyo nguzo ya utafiti wake mzima. Lakini mshiriki wa mwisho, yaani mimi, mkono umechelewa siku zote mbili, tena kupita mtu yeyote, na makofi hayakuvimba hata siku moja. Kana kwamba mkono umelewa na ubongo uko macho unausindikiza.

Nikasema labda ubongo wangu ni wa aina yake. Akasema ndivyo alivyotaka kuamini. Lakini Profesa anasema mashine huenda imeharibika. Na kama imeharibika, nani anajua iliharibika lini? Basi hata hao wengine hawaaminiki. Jumatatu ataliambia nini jopo? Amekaa siku mbili anafungua nyaya na kuzifunga. Hajala.

Mkono wangu ukaanza kutetemeka, na hapakuwa na mtu anayetazama burashi.

Nilitaka kumwambia. Mungu ni shahidi, mdomo ulifunguka. Lakini Jumamosi ni keshokutwa! Nikimwambia atavichukua vidonge, nitapanda ngazi ile mkavu mtupu, Bwana Plastiki akinywa soda yake. Nikajiambia nitamwambia Jumamosi mchana, kazi ikiisha. Nitakuwa nimetulia, nitaeleza vizuri zaidi.

Nikamwagizia chakula. Alikula kidogo. Akasema, Mjomba, angalau wewe hujawahi kuniangusha. Njia ya mwongo ni fupi, walisema, ila hawakusema kama inapita katikati ya kifua.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemeza vyote viwili asubuhi.

Siku nzuri. Geti zuri. Watu wazuri.

Bwana Plastiki mtu mzuri pia.

Muuguzi anasema nisiandike, nilale. Sawa. Kila kitu ni sawa tu.

Jumapili, 17 Machi

Sasa kichwa kimerudi. Naandika yote kabla sijaanza kuyapamba.

Nilipanda ngazi saa nne. Wazazi wamejaa, wengine wameleta viti. Nikautazama mkono wangu, ukanitazama. Haukutetemeka! Nilitaka kushangilia, lakini hata kushangilia nikaona kwa nini haraka. Nikachovya burashi. Nikaanza S.

Wanasema nilikuwa naishuka S ile kama mtu anayeshuka kisimani na mtoto mgongoni. Polepole. Nikipumzika njiani. Bwana Plastiki alibandika jina lote la shule, akanywa soda, akabandua karatasi, akapigiwa makofi, na mimi nilikuwa kwenye kiuno cha S. Kuna mtoto aliuliza kama yule babu ni sanamu. Rangi ikanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Niliiona. Haikunihusu.

Kisha nikaegemeza shavu kwenye geti kidogo. Ngazi ikayumba. Aliyekuja mbio kuishika si mwingine, ni Bwana Plastiki. Aliishika mpaka mwisho, ananung'unika, mzee shuka, mzee unataka kunitia kesi. Nikamwambia ana macho mazuri.

Mpwa wangu alifika hapo. Alikuja kunitazama, maskini, katikati ya balaa lake. Akaona ninavyotabasamu. Anaijua tabasamu hiyo, ameiona kwa kila mshiriki wake. Akaniuliza nimekula nini. Nami nikamweleza kila kitu, kutoka juu ya ngazi, mbele ya kamati ya wazazi, bila aibu hata chembe. Pengo, leso, kiberiti, kuigiza usingizi. Nikamwambia vidonge vyake havina ladha, aongeze sukari.

Alilia. Na hapa ndipo nataka kusimama kidogo.

Nilimwona analia. Niliona machozi, niliona kidevu kinavyotetemeka kama cha mama yake. Nikamtazama kama mtu anavyotazama mvua akiwa ndani. Mimi! Huyu mtoto akipata homa nilikuwa natetemeka mimi. Siku ya kwanza ya shule, hapo hapo kwenye geti hilo, aliponiachia kidole akaingia, nilishindwa kushika baiskeli. Na jana machozi yake yalinifikia, yakabisha hodi, na ndani hakuna aliyekwenda kufungua. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi.

Nimelifikiria hili tangu alfajiri. Labda ile hofu inayotetemesha burashi na ile inayonifanya nimwangalie mtoto kama ameshakula ni hofu moja. Ukiifukuza mkononi, inabeba na vyombo vyake vyote.

Basi. Niendelee.

Ghafla mpwa wangu aliacha kulia. Akafuta uso, akampigia Profesa simu papo hapo, anaongea haraka kama muuza mnada. Wakanitia kwenye gari la Bwana Plastiki, katikati ya mabunda ya stika, mpaka maabara. Profesa mwenyewe alikuja, mama mmoja mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Hakunisalimu. Kofia, ute, taa ya kijani, kitufe.

Na makofi yakaja! Mpwa wangu anasema yaliijaza skrini. Taa inawaka, kidole kinaitwa, na ukumbi haunyamazi ng'o, bado unashangilia, mpaka kidole kinajikokota chenyewe kwenda kazini. Vile vile kama wale wengine, siku yao ya dawa. Mashine ni nzima. Ilikuwa nzima siku zote. Iliona kwamba ninaigiza, ila haikuwa na mdomo wa kusema.

Profesa akatamka kwamba mimi natolewa kwenye utafiti, jana na juzi na siku zote, kwa kuwa nimeuvuruga. Lakini kazi ya wengine inasimama imara. Na kwa idadi ya waliobaki, akasema, jopo litavumilia. Mpwa wangu alikaa sakafuni pale pale, akacheka na kulia kwa pamoja. Muuguzi akanilaza chini ya ulinzi mpaka jioni. Alinimulika mdomoni kwa tochi mara tatu, bila sababu.

Leo asubuhi nimekwenda kumwomba msamaha. Nilitetemeka mwili mzima. Alinitazama mikono kwa muda mrefu, halafu akanimiminia chai, kikombe nusu ili isimwagike. Akasema, Mjomba, ahidi. Nikaahidi kwa moyo wote.

Jumatatu, 18 Machi

Amepita! Jopo limempitisha! Nilikuwa nje ya mlango na suti yangu ya mazishi, niliposikia nilimkumbatia mlinzi.

Amenionyesha kitabu chake chenyewe, kile cha utafiti. Kuna sentensi inasema mshiriki mmoja aliondolewa kwa kutofuata maelekezo. Nikaisoma mara nyingi. Yeye aliona haya, akadhani nimeumia. Nimeumia wapi! Washiriki wengine wote wamechanganywa pamoja wakawa wastani, hakuna hata mmoja anayeonekana. Mimi nina sentensi yangu peke yangu, yenye nukta yake mwishoni. Vizazi vitaisoma.

Geti amelichukua Bwana Plastiki. Sawa. Lakini Mwalimu Mkuu amekataa katakata S yangu ifutwe. Anasema hajawahi kuona herufi iliyotulia namna ile. Kwa hiyo bawa la kushoto lina S yangu ya rangi, na herufi zote zinazofuata ni stika zake, zimejipanga nyuma yangu kama wanafunzi.

Jioni Bwana Plastiki alivuka barabara. Safari hii bila kejeli. Alizungukazunguka, akagusa makopo, mwishowe akaniambia kwa sauti ya chini kwamba shule inataka maandishi mpaka juu ya tangi la maji. Yeye anaogopa urefu. Pale alipokuwa ananishikia ngazi, miguu ilikuwa maji, na alikuwa chini! Akauliza, vile vidonge, mzee wangu, vinapatikana vipi?

Nikamweleza ukweli wote. Kwamba si vya kuchezea. Kwamba vinashika mkono na kuachia moyo. Kwamba nimeahidi. Akaitikia, akainamisha kichwa, akavuka barabara kurudi kwake. Mtu aliyenishikia ngazi. Mgongo wake ulinitia huruma.

Nikakumbuka kwamba mlangoni kwa Profesa kuna tangazo jipya. Wanatafuta watu wa utafiti mwingine, wa dawa za hofu. Unakwenda mara mbili. Nimeahidi kutorudia nilichofanya, na mimi ni mtu wa ahadi, sitarudia. Kile nilikifanya kwa pengo la kulia. La kushoto bado halijaguswa.